Taa ya kijani, poti segmented: usifute zoni

SWALI: Nimeongeza swichi ya pili kwenye SAN yetu (mtandao unaounganisha seva na hifadhi za diski). Ni Brocade iliyowahi kutumika kwingine. Nimeiunganisha na ya zamani kwa faiba, na taa za poti zinawaka kijani pande zote mbili, lakini swichi hazionani na seva za upande mpya hazipati diski. Nimebadilisha kebo na SFP (vipokezi vya faiba vinavyochomekwa kwenye poti) bila mafanikio. Amri ya switchshow inaonyesha poti ya ISL (kiungo cha swichi kwa swichi) ikiwa segmented, yaani imetengwa. Fundi mmoja kanishauri nifute zoni (orodha za seva ipi ifikie hifadhi ipi) kwenye swichi zote mbili kisha niziwashe upya, eti zitaungana zenyewe. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye. Na kama umeshaandika cfgclear (amri ya kufuta zoni) kwenye swichi ya zamani ila hujafika kwenye cfgsave (ya kuhifadhi mabadiliko), andika cfgtransabort (ya kuyaghairi) sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Kebo na SFP ziache. Poti haiwezi kufika hatua ya kuitwa segmented kama mwanga haupiti. Swichi zako zimeshaongea, zimepeana vigezo, halafu zimekataa kuungana kwa sababu maalumu, na sababu hiyo imeandikwa palepale kwenye mstari wa poti hiyo katika switchshow. Kwenye swichi za Cisco MDS utakuta isolated, nayo hutajiwa sababu vilevile. Watu wananunua kebo mpya huku jibu liko kwenye skrini na hakuna aliyesoma mstari hadi mwisho.

Kwa swichi iliyotoka kwingine, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni namba ya domeini kugongana. Kila swichi ndani ya fabriki (kundi la swichi zilizoungana) lazima iwe na namba yake, kuanzia 1 hadi 239, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa na 1. Badilisha ya swichi mpya, kamwe si ya zamani. Namba hiyo ndiyo baiti ya kwanza ya anwani ya kila kifaa kilichochomekwa hapo. Ukiibadilisha upande wenye kazi, anwani zote zinabadilika, na mifumo endeshi inayokumbuka diski kwa anwani itazipoteza. (Mara chache utakuta tatizo ni vigezo vya muda: E_D_TOV huwa milisekunde 2000 na R_A_TOV 10000, na lazima vilingane pande zote.)

Sababu ya pili ni mgongano wa zoni, na hapa ndipo ushauri wa huyo fundi unaponiudhi, kwa sababu nauona kila mahali na kwa macho tu unaonekana kufanya kazi. Ukifuta zoni pande zote, hakuna tena cha kugombaniwa, basi swichi zinaungana, segmented inatoweka, na fundi anaondoka akisifiwa. Ni sawa na kuchoma daftari la madeni ili mdai na mdaiwa wapatane. Zoni ndiyo kumbukumbu ya seva ipi inaruhusiwa kufikia hifadhi ipi. Ikishafutwa, kinachofuata kinategemea mpangilio wa defzone, yaani ruhusa inayotumika pasipo na zoni. Ukiwa umefungwa, kila seva inapoteza diski zake kwa wakati mmoja, na hifadhidata zinakatwa katikati ya kuandika. Ukiwa wazi, kila seva inaziona poti zote za hifadhi, na kama kwenye hifadhi yenyewe LUN (diski pepe zinazopewa seva) hazikugawiwa kwa kila seva, seva moja inaweza kuandika juu ya data ya nyingine. Hali hii ya pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna kengele itakayolia.

Jambo jingine ambalo mafundi wa njia ya mkato hawalisemi: zoni hazikai kwenye swichi moja. Fabriki nzima inashirikiana hifadhidata moja ya zoni, kwa hiyo amri uliyoitoa kwenye swichi moja inazifikia zote zilizoungana nayo.

Kwako wewe, kinachotakiwa kusafishwa ni swichi mpya peke yake. Chomoa ISL kwanza. Hakikisha kwa jina na WWN (namba ya kipekee ya kifaa) kwamba umeingia kwenye swichi sahihi. Soma cfgshow na uandike pembeni zoni zozote zinazohitajiwa na seva za upande huo. Kisha cfgdisable, cfgclear, cfgsave, linganisha defzone na ya swichi ya zamani, izime kwa switchdisable, ipe namba ya domeini isiyotumika, iwashe, ndipo urudishe kebo. Swichi isiyo na zoni huzipokea za jirani yake. Baada ya hapo ongeza zoni za seva mpya.

Kama pande zote mbili zingekuwa na seva zinazofanya kazi, usingefuta chochote. Ungelinganisha majina: zoni mbili zenye jina moja na wanachama tofauti, au jina ambalo huku ni la zoni na kule ni la aliasi (jina la mkato la kifaa). Ungebadilisha majina upande mmoja, kisha ukahakikisha mipangilio inayotumika haipingani. Inachosha, na ndiyo kazi yenyewe.

Kwa wengine wote wanaopewa ushauri wa aina hii: haraka hiyohiyo ndiyo inayowafanya watu waunganishe fabriki A na fabriki B, njia mbili tofauti za seva kufikia hifadhi, kwa ISL wakidhani wanaongeza usalama. Fabriki mbili zimetenganishwa ili kosa la moja lisiifikie nyingine. Ukiziunganisha, amri moja mbaya ya zoni inaangusha njia zote mbili za seva kwa pamoja. Na kabla hujagusa swichi yoyote yenye data za watu, toa nakala ya mipangilio kwa configupload na uiweke nje ya swichi. Fundi anayesema hakuna haja ya nakala hiyo, usimpe nenosiri.