Barua kwa mwanangu: kabla hujaiandika tarehe 23 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema umekabidhiwa ukurasa wa "Siku kama ya leo" wa tarehe 23 Aprili, na orodha tatu ulizozikuta zinagombana. Moja inadai Shakespeare, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, na Cervantes, mwandishi wa riwaya wa Hispania, walifariki siku moja mwaka 1616, ya pili inasema walipishana siku 10, ya tatu siku 11. Unataka kujua ipi ni sahihi na wewe uandike nini.

Sahihi ni siku 11. Cervantes alifariki Madrid tarehe 22 Aprili 1616. Tarehe 23 ni ya mazishi yake, na ndiyo iliyoingia kwenye daftari la parokia ya San Sebastián. Shakespeare alifariki Stratford-upon-Avon tarehe 23 Aprili, kama kumbukumbu yake ndani ya kanisa la Holy Trinity inavyoonyesha, akazikwa tarehe 25. Lakini Hispania ilikuwa imeshahamia kalenda ya Gregori, tunayotumia leo, na Uingereza ilikuwa bado inatumia ile ya zamani, ya Juliasi. Siku aliyofariki Shakespeare, watu wa Madrid waliiita 3 Mei. Ukihesabu kutoka 22 Aprili hadi 3 Mei unapata 11. Aliyepata 10 ameanzia kwenye mazishi ya Cervantes badala ya kifo, na aliyesema siku moja amelinganisha tarehe tu bila kuuliza ni za kalenda gani.

Hapo ndipo kazi hii inapowashinda wengi. Tarehe haijakamilika mpaka ujue iliandikwa wapi na kwa kalenda ipi.

Kalenda ya Juliasi iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na saa 6, ukiwa umezidi mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi. Dakika hizo hujikusanya zikawa siku nzima kila baada ya miaka 128 hivi. Ndiyo maana mwaka 1582 Papa Gregori XIII alifuta siku 10: Alhamisi 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa 15 Oktoba. Pia aliweka sharti kwamba mwaka unaofunga karne usiwe mrefu (wa siku 366) ila ukigawanyika kwa 400. Kwa hiyo mwaka 1600 ulikuwa mrefu kwa kalenda zote mbili na pengo halikuongezeka, lakini 1700, 1800 na 1900 ililiongeza siku moja moja. Pengo ni siku 10 hadi Februari 1700, kisha 11 hadi Februari 1800, kisha 12 hadi Februari 1900, na tangu hapo ni 13 hadi Februari 2100. Kosa linalorudiwa sana ni kuchukua 13 za leo na kuzijumlisha kwenye tarehe za karne zilizopita.

Nchi hazikuhama pamoja. Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia zilihama mara moja mwaka 1582, na Ufaransa ikafuata Desemba mwaka huo huo. Uingereza ilingoja hadi 1752, Jumatano 2 Septemba ilipofuatwa na Alhamisi 14. Urusi ilitoka 31 Januari 1918 ikaingia 14 Februari, na Ugiriki ilihama mwaka 1923. Basi ukikuta tarehe yoyote ya kati ya 1582 na 1923, uliza nchi kwanza.

Siku ya juma itakusaidia kukagua. Kalenda ya Gregori hujirudia yote kila miaka 400, kwa sababu miaka hiyo ina siku 146,097, ambazo ni majuma 20,871 kamili. Chukua 23 Aprili 1616 ya Madrid, ongeza miaka 400, fungua kalenda ya 2016: ni Jumamosi. Sasa chukua 3 Mei 2016: ni Jumanne. Kwa hiyo 23 Aprili ya Stratford ilikuwa Jumanne. Ukikuta barua au daftari la zamani limetaja siku ya juma, kipimo hiki kitakuambia limetumia kalenda gani.

Kwa waliozaliwa, angalia kama ulichonacho ni kuzaliwa au ubatizo. Shakespeare alibatizwa 26 Aprili 1564, basi. Hakuna hati ya siku aliyozaliwa. Tarehe 23 ni mapokeo, na uiandike hivyo: "kwa mapokeo". Mwanafizikia Max Planck, aliyezaliwa Kiel, Ujerumani, mwaka 1858, hana utata. Mtunzi wa muziki Sergei Prokofiev utamkuta kwenye orodha nyingi za 23 Aprili 1891, kwa kuwa yeye mwenyewe aliamini amezaliwa 11 Aprili ya kalenda ya Urusi, na ukiongeza siku 12 za karne hiyo unapata 23. Lakini cheti chake cha kuzaliwa, kilichopatikana baada ya kifo chake, kinasema 15 Aprili, yaani 27. Mtoe kwenye ukurasa wako.

Mambo ya kabla ya 1582 usiyageuze. Mfalme Brian Boru wa Ireland aliuawa kwenye vita vya Clontarf tarehe 23 Aprili 1014, siku ya Ijumaa Kuu. Kihesabu ingekuwa 29 Aprili ya Gregori, lakini wanahistoria huziacha tarehe hizo kwa Juliasi, na ukigeuza hutaeleweka.

Zipo pia tarehe zinazovunjwa na saa. Video ya kwanza ya YouTube, ya sekunde 19, iliwekwa na Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi wake, saa 2:31 usiku wa 23 Aprili 2005 kwa saa za California. Kwa saa za Greenwich, Uingereza, ilikuwa imeshafika 24. Fuata saa za mahali tukio lilipotokea, na useme hivyo. Vilevile usichanganye mwanzo na mwisho wa tukio: chombo cha anga cha Kisovieti, Soyuz 1, kilirushwa 23 Aprili 1967, lakini rubani wake Vladimir Komarov alifariki tarehe 24, parashuti ziliposhindwa kufanya kazi wakati wa kutua. Kurushwa kunaingia kwenye matukio ya siku yako, kifo hakiingii.

Maadhimisho ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi, maana mengine yana tarehe mbili na zote ni za kweli. Mtakatifu Joji hukumbukwa 23 Aprili, lakini Waorthodoksi wa Serbia wanaofuata Juliasi huifikia siku hiyo tarehe 6 Mei yetu. Hata kanisa la Anglikana la Uingereza huisogeza mbele ikiangukia Juma Kuu au juma la Pasaka. Mwaka 2011 ilikuwa 2 Mei. Uturuki haina shida hiyo: bunge lake lilifunguliwa Ankara 23 Aprili 1920, na siku hiyo sasa ni sikukuu ya mamlaka ya taifa na ya watoto. Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani ilitangazwa na UNESCO mwaka 1995, na tarehe ilichaguliwa kwa sababu ya waandishi hao hao wa 1616. Haina kosa, ilimradi usiandike kwamba walifariki siku moja.

Mistari yako miwili iandike hivi:

1616 – William Shakespeare afariki Stratford-upon-Avon (Juliasi, 3 Mei kwa Gregori).

1616 – Miguel de Cervantes azikwa Madrid. Alifariki jana yake (Gregori).

Usigeuze tarehe kimyakimya, maana atakayekagua baada yako anaweza kuigeuza mara ya pili. Acha tarehe ya asili mbele, ya pili iwe kwenye mabano. Na kama nafasi ni finyu, punguza waigizaji na wachezaji kwenye orodha ya waliozaliwa kabla hujagusa mabano hayo.

Ukimaliza nitumie rasimu, niipitie kabla haijatoka.

Mama yako