Barua kwa Mwalimu wa Fasihi: Msuko, Mhusika Mbaya na Muuaji Anayesema "Mimi"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mtihani ulitutaka tujadili msuko wa hadithi fupi tuliyosoma. Niliieleza yote tangu mwanzo hadi mwisho, sikuruka tukio hata moja, nikaambulia alama 4 kati ya 20. Kosa langu ni lipi?
Mwanafunzi wa kidato cha nne

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukuulizwa kilichotokea. Msahihishaji ameshaisoma hadithi hiyo, pengine mpaka imemchosha, nawe ukamsimulia tena. Alitaka umweleze kwa nini matukio yamefungamana hivyo na kwa nini yamepangwa hivyo.

Mwaka 1927 mwandishi Mwingereza E. M. Forster alitoa mfano ambao bado sijaona wa kuupiku. Mfalme alikufa, kisha malkia akafa: hiyo ni hadithi tu. Mfalme alikufa, kisha malkia akafa kwa majonzi: hapo pana msuko, maana kifo cha pili kimezaliwa na cha kwanza.

Darasani mimi huuvuruga kidogo mfano huo. Tuseme tunaanza na malkia kitandani, chakula hagusi, watumishi wanamsengenya kwamba anadeka, na habari za kifo cha mfalme hatuzipati mpaka ukurasa wa mwisho. Vifo ni vilevile viwili na sababu ni ileile. Lakini sasa pana taharuki, pana mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyotangulia, na msomaji aliyecheka pamoja na watumishi anaona aibu. Aibu hiyo imeletwa na mpangilio peke yake, na ndiyo unayopaswa kuijadili. Kila unapotaja tukio, sema limesababishwa na nini, au kwa nini tumeambiwa hapa na si mapema. Sentensi isiyofanya lolote kati ya hayo, ifute bila huruma.

Halafu, tafadhali, msilazimishe zile ngazi tano za Freytag (utangulizi, kupanda kwa matukio, kilele, kushuka kwa matukio na mwisho) kwenye kila kitu. Mjerumani huyo alizieleza mwaka 1863 akizungumzia tamthilia. Hadithi fupi nyingi huanzia mlangoni mwa kilele na kukatika hapohapo, na hazina upungufu wowote.

SWALI: Mwalimu, mhusika mkuu anaweza kuwa mtu mbaya? Rafiki yangu anashikilia kwamba mbaya ni lazima awe mpinzani.

JIBU: Anaweza. Ukuu huo ni wa nafasi, hauhusiani na tabia. Kama hadithi inamfuata mwizi, hofu zake na mipango yake, basi mwizi ndiye mhusika mkuu, na askari mwadilifu anayemsaka ndiye mpinzani. Rafiki yako amechanganya mpinzani na mhalifu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeandika hadithi kwa nafsi ya kwanza. Msimulizi anamuua kaka yake kwa ajili ya urithi. Tangu familia yangu iisome, mama hanitazami vizuri, na kaka ameanza kufunga mlango wa chumba chake usiku. Nibadilishe niandike kwa nafsi ya tatu?

JIBU: Marahaba. Kwanza hongera, kumfanya msomaji afunge mlango si kazi ndogo. Waambie nyumbani kwamba anayesema "mimi" ndani ya hadithi ni mhusika kama wengine. Wewe umemuumba, kama ulivyomuumba marehemu.

Kubadilisha nafsi kwa sababu ya mama, hapana. Swali la maana ni unataka msomaji ajue nini, na lini. Msimulizi maizi, yule wa nafsi ya tatu anayeingia kila kichwa, angetuonyesha woga wa kaka na tamaa ya mdogo mtu kwa pamoja. Muuaji wako hana uwezo huo. Sentensi yako "Kaka alihisi baridi moyoni akajua mwisho wake umefika" haiwezekani kinywani mwake, kwa sababu hayumo moyoni mwa kaka. Anachoweza kuona ni mkono ulioshika kitasa bila kukigeuza. Andika mkono.

Kwa upande mwingine, nafsi ya kwanza inakupa zawadi ambayo hujaitumia: msimulizi asiyeaminika. Kwenye rasimu uliyoniletea, muuaji anakiri tamaa yake aya ya kwanza kabisa. Ya nini haraka hiyo? Mwache ajitetee. Aseme kaka alikuwa mgonjwa, kwamba alimhurumia, kwamba shamba hakulitaka kabisa. Kisha, katikati ya huruma zake, ataje kama kwa bahati mbaya kwamba alishalipima. Msomaji atamshuku mwenyewe, na shaka aliyoigundua mwenyewe humkaa kuliko kukiri kokote. Ukimaliza, niletee tena. Kaka asiione kabla yangu.