Kwa mnaoanza kuandika skripti za kusafiri kwenye wakati: itazameni Blink mkiwa na kalamu

Wadogo zangu mnaoingia kwenye uandishi wa skripti, kila likija kundi jipya la wanafunzi lazima awepo mmoja mwenye stori ya mtu anayerudi zamani, na karibu zote zinakwama palepale, katikati, mwandishi mwenyewe hajui tena nani anajua nini na kajua lini. Kwa hiyo kabla hamjaandika hata mstari, tafuteni episodi moja ya Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya msafiri wa kwenye wakati anayeitwa Doctor, episodi yenyewe inaitwa Blink, ilirushwa BBC tarehe 9 Juni 2007, kaandika Steven Moffat, kaongoza Hettie Macdonald, ni dakika kama 45 tu. Mara ya kwanza tazameni kwa raha zenu, mara ya pili na karatasi mkononi. Hapa nitaimwaga stori yote, ambaye hajaiona aitazame kwanza.

Kwa ufupi: binti anaitwa Sally Sparrow (Carey Mulligan huyo, bado hajawa staa) anaingia kwenye nyumba iliyotelekezwa kupiga picha, anabandua karatasi ya ukutani anakuta maandishi yanamtaja kwa jina yanamwambia ainame, anainama, kitu kinapita palepale kilipokuwa kichwa chake. Chini ya maandishi kuna jina la Doctor na mwaka 1969. Humo ndani kuna sanamu za malaika waliojifunika nyuso, ukizitazama ni mawe, ukipepesa macho tu zinakufuata, zikikugusa zinakutupa miaka ya nyuma ukaishi huko mpaka uzeeke, na zenyewe zinakula zile siku ambazo ungeziishi huku.

Sasa kazi. Mchoreeni kila mhusika mstari wake, maisha jinsi yeye anavyoyaishi, sio jinsi sisi tunavyoyaona kwenye skrini. Kwa Sally mambo yanaanza ukutani na yanaisha nje ya duka la DVD anapomkabidhi Doctor faili lenye kila kitu. Kwa Doctor ni kinyume kabisa, yeye anaanza kwa kupewa faili na binti asiyemjua, tena yuko mbioni na kazi nyingine, baadaye ndo anatupwa 1969, anafungua faili, anaandika ukutani, anarekodi ujumbe wa video. Mwisho wa Sally ndo mwanzo wa Doctor. Hilo huwezi kulibahatisha unapoandika sini moja moja kuanzia juu kwenda chini, lazima mistari iwe mezani kwanza ndo uamue mtazamaji aanzie kwenye mstari wa nani, na Moffat kachagua wa Sally kwa sababu yeye ndo hajui chochote, tunajua pamoja naye.

Halafu kuna ile video, hii rudieni hata mara tatu. Ni kipande kilichofichwa kwenye DVD 17 tofauti, Doctor anaongea upande mmoja tu kama anajibu mtu asiyesikika. Mara ya kwanza tunakiona nyumbani kwa rafiki yake Sally, halafu tunakisikia tena dukani, kinacheza nyuma ya maongezi mengine na hatukitilii maanani. Baadaye Sally anakaa mbele yake anaanza kujibu, na Larry, kaka wa rafiki yake, anaandika maneno ya Sally pembeni ya maneno ya Doctor, karatasi hiyo ndo inaingia kwenye faili, ndo Doctor anaisoma 1969. Mkitaka kuandika kitu cha namna hii andikeni mazungumzo kamili pande zote mbili kwanza, yakishakaa sawa ndo mfute upande mmoja, maana ukianza na nusu utajikuta unaandika maneno ya fumbo yasiyojibu kitu. Na ndiyo, ukifuatilia utagundua yale maneno hakuna mtu aliyeyatunga, yanazunguka tu. Hapa mtazamaji anasamehe kwa sababu kashaguswa na watu, ila msiufanye huo mzunguko kuwa kichaka cha kujifichia kila mkikwama.

Nikisema kaguswa na watu namaanisha Billy Shipton. Huyu ni askari mpelelezi, kijana mchangamfu, anakutana na Sally anamwomba namba ya simu, wanaachana, sanamu zinampata. Muda mfupi tu baadaye simu ya Sally inaita, ni Billy, lakini yuko hospitali, ni mzee, kapita miaka 38. Kaoa, kaingia kwenye biashara ya video, ndo yeye aliyekificha kile kipande kwenye DVD, na miaka yote hiyo alikuwa anajua haruhusiwi kumtafuta Sally kabla ya siku hiyo. Kwa Sally mvua ni ileile, haijakatika bado. Na Doctor alishamwambia Billy ataishi mpaka mvua ikatike. Mzee huyo kaigizwa na Louis Mahoney, mzaliwa wa Gambia, ana sini moja tu fupi, na kwa maoni yangu ndo sini bora kuliko zote humo, hakuna sanamu wala mbio, ni watu wawili na dirisha. Andikeni sini yenu ya Billy kabla hamjaandika ya mashine ya kusafiria kwenye wakati. Ukinieleza jinsi mashine inavyofanya kazi nitasahau, ukinionyesha mtu amepoteza nini sisahau.

Bajeti sasa, najua wengi wenu mtashuti kwa pesa ndogo. Kipindi kile walikuwa wanashuti episodi mbili kwa pamoja, steringi akawa na siku chache sana, ndo maana Doctor haonekani sana. Sanamu ni waigizaji waliopakwa na kuvalishwa waonekane mawe, wakasimama tuli, hamtaona hata shoti moja wakitembea, kutembea kote kunafanywa na mkato wa kamera. Mwaka 2008 episodi hiyohiyo ikachukua Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, na Moffat akapata BAFTA, tuzo ya Uingereza, ya mwandishi. Kwa hiyo ukiambiwa muigizaji wako mkubwa anapatikana siku mbili tu, badilisha stori izunguke kutokuwepo kwake.

Udhaifu upo pia na muuone. Mwishoni sanamu nne zimekizunguka chombo cha Doctor cha kusafiria kwenye wakati, kinatoweka, zinabaki zinatazamana, kwa hiyo zimeganda. Nzuri sana, sheria ileile iliyotuogopesha ndo imezifunga. Lakini dakika chache nyuma tumeona sanamu inachezea taa ya chumba hichohicho, je taa ikizima? Swali hilo kila kundi linaliuliza. Mkiwa na sheria yenu, mpeni skripti mtu mbishi kabla hamjashuti.

Na kabla ya yote amueni: yaliyopita yanabadilika au hayabadiliki? Blink hayabadiliki. Kwa upande wa pili tazameni The City on the Edge of Forever, episodi ya Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga, 6 Aprili 1967, huko yanabadilika, McCoy, daktari wa chombo, kayavuruga na Kirk, nahodha wake, analazimika kumwacha mwanamke anayeitwa Edith Keeler afe barabarani ingawa anampenda. Zote mbili zinauma, ila kila moja imeshika sheria yake mpaka mwisho. Wiki ijayo msiniletee skripti, leteni mistari ya wahusika wenu kwenye karatasi moja, na juu yake jibu la hilo swali kwa sentensi moja.