Foleni ya piti Bathurst, haki iko wapi?

SWALI: Mhariri mambo, kwenye mbio za magari za Bathurst 1000 kule Australia timu ina magari mawili ila sehemu ya kuhudumia piti, yaani pa kubadili tairi na kujaza mafuta, ni moja, gari la usalama, lile linalotangulia kupunguza mwendo wa wote kukiwa na hatari, likitoka wote wanakimbilia piti, la pili linakaa nyuma ya mwenzake linapoteza nafasi kibao. Haki kweli?

JIBU: Poa. Sheria ni hiyo hiyo kwa timu zote, ila dereva wa nyuma ndo anaumia, hilo sibishi. Lakini pale mafundi wameinama na tairi, mpira wa mafuta umechomekwa, na wengine wanapita pembeni kilomita 40 kwa saa, sasa ukiongeza sehemu nyingine unaongeza na watu wa kugongwa. Mi wanaoniudhi ni wanaoachia gari mbele ya anayepita, hao wabanwe kabisa.