Kauntabuku 19 chini ya meza ya cherehani

Habari zenu wahariri na wasomaji wenzangu, wakubwa shikamoni. Wiki hii mmeuliza "ni kitu gani umekifanya kwa miaka mingi bila kuacha, na kimekulipa nini?" Nimesoma majibu ya wenzangu, wengi wamesema mazoezi, wengine kuweka akiba, na nimewaelewa kabisa, ila kwangu mimi jibu ni kuandika. Siandiki vitabu. Naandika siku yangu tu, kila usiku kabla ya kulala, mistari mitatu minne, tangu Januari 1998, na sijawahi kuandika nikiwa na wazo kwamba kuna mtu atakuja kusoma.

Mi ni fundi cherehani hapa Mwanza. Kila fundi ana daftari la vipimo, unaandika jina la mteja, mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, lini anakuja kuchukua na advansi kaacha shilingi ngapi. Sasa ule mwaka mvua za El Nino zilikuwa zimeshika kila mahali, barabara zimekatika, wateja hawaji, siku moja nikachoka kukaa naangalia maji yanapita mlangoni, nikageuza kauntabuku upande wa nyuma nikaandika "Leo mvua tangu alfajiri. Mteja hakuna hata mmoja. Nimekula ugali na sato wa jana." Basi. Kesho yake nikaandika tena. Toka hapo ikawa mbele vipimo nyuma siku zangu, zikikutana katikati nanunua nyingine, za kwaya mbili zile ngumu. Sasa hivi ninazo 19 kwenye boksi chini ya meza. Ilitakiwa ziwe 20 ila moja ililowa bati lilipovuja, ile ya 2004, wino wote ukawa maji ya bluu, na ule mwaka hadi leo naona kama nimeibiwa, kuna vitu najua vilitokea lakini siwezi kuviweka kwenye mwezi wake.

Faida za haraka haraka zipo na nitazitaja tu nipite. Kiwanja nilikinunua kwa kulipa kidogo kidogo, miaka mingi baadae mtoto wa aliyeniuzia akaja na maneno kwamba mimi sikumaliza kulipa, nikafungua kila tarehe na kila shilingi na nani alikuwepo pale tunahesabu, mjumbe akasoma, maneno yakaisha palepale. Pia homa za watoto nilikuwa naandika, daktari akiniuliza ilianza lini simwambii "kama wiki hivi", namwambia Jumanne jioni.

Bei nazo zimo. 1998 gauni la kawaida nilikuwa nashona kwa 1,500, leo ni 15,000 na mteja bado anaomba nipunguze. Mwaka 2006 ule wa mgao wa umeme kurasa nyingi ni malalamiko ya pasi tu, maana cherehani yangu ni ya kukanyaga haikuwa na shida, lakini pasi ya umeme ilikuwa imelala, nikarudi kwenye pasi ya mkaa na nikaunguza sketi ya mteja, nimeandika mpaka rangi yake. Kuna siku ya 2009 nimeandika "leo mteja kanitumia hela kwa simu, nimeenda kwa wakala nikapewa noti kweli". Hiyo sentensi naipenda sana, maana leo nani anashangaa hela kuja kwenye simu? Wanangu wananiuliza tulikuwa tunatumaje hela zamani, nawafungulia wanasoma wenyewe, tulikuwa tunampa kondakta wa basi bahasha na kumuombea afike salama.

Ila kitu kikubwa kilichonifanya niandike barua hii ni kaka yangu.

Kwetu ni Sengerema. Kwenda kwetu nilikuwa navuka kivuko pale Kigongo naibukia Busisi, na mi nilikuwa nimezoea kuandika tumesubiri muda gani, saa moja, masaa mawili, kuna siku ya Krismasi tumekaa toka saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Nimeandika hadi tulivyokuwa tunakula tukisubiri, mayai ya kuchemsha na kachumbari, mahindi, samaki wa kukaanga. Toka Juni 2025 daraja limefunguliwa, kama kilometa 3 juu ya maji, unapita na gari dakika chache umeshafika ng'ambo, na mi nashukuru mno kwa ajili ya wagonjwa na kina mama wajawazito waliokuwa wanateseka pale usiku. Lakini ule mstari wa magari na wale mama wauza mayai, mjukuu wangu hatauona, atausoma kwangu.

Sasa baba alifariki Aprili 1998. Kaka alikuwa anafanya kazi Shinyanga. Mimi kichwani kwangu miaka yote nilijua kaka alifika baba ameshazikwa. Nilikuwa na hakika kabisa, naona hadi picha yake anashuka kwenye gari watu wanakunja majamvi. Na nilikuwa naisema, nimemsimulia mume wangu, wadogo zangu, mashangazi, tukikaa vikao vya familia nikikasirika kidogo naitoa, "wewe hata baba hukumzika". Kaka hakuwa anajibu. Alinyamaza tu na taratibu akaacha kuja, tukawa watu wa salamu za sikukuu.

Mwaka 2012 nikawa natafuta tarehe ya kubatizwa kwa mtoto wa marehemu dada, nikaifungua ile kauntabuku ya kwanza kabisa, nikafika ukurasa wa msiba. Mwandiko ni wangu, umepinda pinda kwa sababu nilikuwa nalia. Nimeandika hivi: "Kaka kafika saa moja asubuhi. Amelala Kigongo kwenye lori kivuko kilikuwa kimefunga. Viatu vimejaa tope. Hajakaa, kaenda moja kwa moja kuchimba na vijana. Tumezika saa tisa."

Nilikaa chini na lile daftari mapajani. Yaani miaka 14 namsingizia mtu, na shahidi nimemuweka mwenyewe chini ya meza yangu. Sijui ile picha ya majamvi niliitoa wapi, labda ni mtu mwingine aliyechelewa, labda ni msiba mwingine, huzuni inachanganya vitu. Nikampigia usiku uleule. Nikamwambia kaka shikamoo, akaitikia marahaba mdogo wangu, kuna nini usiku huu? Nikamsomea mistari yote. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akasema, "Kumbe uliandika." Baadae kidogo akasema, "Sururu ilikuwa moja tu, tulikuwa tunapokezana." Nikaomba radhi, nikaomba tena kwenye kikao mbele ya wale wale niliowasimulia uongo, maana walisikia kwangu. Pasaka iliyofuata alikuja na familia nzima wakakaa wiki.

Nauliza tu, bila ile mistari minne ningejulia wapi? Kaka asingejitetea, ndo alivyo. Mimi ningeenda nayo kaburini na wanangu wangeirithi.

Halafu kuna mama. Mama nilikuwa namshonea kila mwaka gauni la Pasaka, kwahiyo upande wa mbele wa kila kauntabuku yumo. 1999 mabega 16, kifua 42, kiuno 36, nyonga 46. Alikuwa mama mwenye mwili, analima, anabeba ndoo ya maji bila kushika. 2008 kifua 40. 2012 kifua 38, pembeni nimeandika "mama anasema futi kamba yangu imelegea". 2015 mabega 14 na nusu, kifua 35, na sikuandika neno lolote pembeni. Nilipokuwa nampima sikuona, nilikuwa naandika namba nakata kitambaa kama kwa mteja mwingine, na Pasaka ya 2016 hakufika. Siku hizi nazisoma zile namba zikiwa zimefuatana naona mama anavyoondoka kidogo kidogo, inauma, ila naona pia kwamba kila mwaka nilimshika, mikono yangu ilizunguka mgongo wake na futi kamba, hakuna mwaka hata mmoja niliouruka isipokuwa ule uliolowa.

Mwaka juzi binti yangu alikuwa anajiandaa na sendofu, nikampima, mabega 16, kifua 42. Nikaacha futi kamba ikining'inia shingoni nikaenda kuvuta boksi. Kiuno kinatofautiana inchi mbili tu na cha mama. Nikamwambia simama hapohapo usivue, nikamsomea bibi yake kuanzia juu mpaka urefu, akawa anajishika mabega wakati nasoma.

Wenzangu mlioandika kwamba mmejaribu mkashindwa, mi nadhani mnataka kuandika mambo makubwa. Andika ulichokula. Andika nani alikuja na alikuja saa ngapi, hasa saa. Usiache kwa sababu umeruka wiki, mi nimeruka hadi miezi nilipojifungua na nilipougua 2010, nikirudi naandika tarehe tu naendelea. Na boksi usiliweke chini ya bati linalovuja, weka nailoni.

Leo nimeshona mashati manne ya sare, mvua imenyesha jioni, na kaka kapiga simu anauliza kama hii barua inayomtaja nimeshawatumia. Nimemsomea yote kwanza. Amesema nirekebishe kitu kimoja, viatu havikuwa vyake, aliazima kwa dereva wa lori. Hiyo nitaiandika usiku huu.