Saa ya kiendelezi chako kusimama katikati

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini saa ya dakika 25 kwenye kiendelezi chako cha Chrome (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) husimama katikati, na tovuti ulizomfungia mwanafunzi zikafunguka tena. Hesabu zako hazina kosa. Kwenye Manifest V3, yaani toleo la tatu la kanuni za kuunda viendelezi, skripti inayofanya kazi nyuma huzimwa na kivinjari ikikaa sekunde 30 bila shughuli, na setTimeout, amri ya kusubiri muda fulani, hufa nayo. Acha kabisa kuhesabu sekunde. Hifadhi wakati wa kumaliza kwenye chrome.storage, ghala la data la kiendelezi, kisha iachie chrome.alarms, kengele ya kivinjari, iiamshe skripti muda ukifika.

Kufunga tovuti tumia declarativeNetRequest, ambapo unampa kivinjari kanuni naye anazuia mwenyewe, na kanuni hizo uziweke kwa amri ya updateDynamicRules. Hizo hubaki hata kivinjari kikizimwa na kuwashwa upya.

Halafu ruhusa, na hapa nakusihi. Kuzuia tu hakuhitaji kusoma kurasa za mtu. Ukitaka kumpeleka kwenye ukurasa wako wa "rudi kwenye kitabu", omba ruhusa ya tovuti hizo tu, si za intaneti nzima. Unashika kivinjari cha mtoto wa mwenzio.

YouTube nisingeifunga bila mwanafunzi kuichagua mwenyewe. Wengi wanasomea hesabu humo.