Bolti za zinki kuota unga mweupe: kabla ya kuongeza unene, tazama maji unayosuuzia

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kwa nini bolti na mabano ya boti unayopaka zinki kwa umeme huko Nungwi yanatoka yanang'aa, kisha kusi haijaisha yameshaota unga mweupe na kutu nyekundu inafuatia. Umeuliza pia kama dawa yake ni kuyaacha muda mrefu zaidi kwenye pipa ili zinki iwe nene.

Kazi hii nimeifanya miaka 11 upande wa Mwanakwerekwe, na tatizo lako nimelipitia. Nililetewa bawaba na bolti za hoteli moja ya Paje, zikarudi zimeharibika baada ya miezi michache tu. Nikaongeza unene, kama unavyotaka kufanya wewe. Nati zikakataa kuingia, na unga mweupe ukarudi vilevile. Siku moja ya kaskazi, jua kali, nikanywa maji ya kisima kilekile ninachosuuzia vyuma, nikaisikia chumvi ulimini. Kumbe kila bolti niliyoipaka kinga nilikuwa naimalizia kwa kuipaka chumvi.

Zinki hailindi chuma kwa kukifunika tu. Maji ya chumvi yakifika, zinki ndiyo inayoliwa kwanza na chuma kinasalimika, hata penye mkwaruzo. Nikeli na kromu ni kinyume chake: pakitokea tundu dogo tu, chuma cha chini ndicho kinacholiwa, tena kwa kasi. Ule unga mweupe, basi, ni zinki inayojitoa mhanga, na kazi yetu ni kuifanya isijitoe mapema. Hiyo ndiyo kazi ya pasivesheni, utando mwembamba wenye misombo ya kromu (si ile kromu ya kung'aa) tunaouweka juu ya zinki. Na utando huo haushiki vizuri juu ya zinki chafu. Kumbuka kuwa pipa letu lenyewe limejaa kloraidi ya potasiamu, kwa hiyo bolti inatoka imelowa chumvi hata kabla haijafika kwenye maji ya kisima.

Mimi sasa nasuuza mara mbili nikitoa kwenye zinki. Kisha nachovya sekunde chache katika tindikali ya naitriki hafifu, isiyozidi asilimia 1, nasuuza tena, ndipo naingiza kwenye pasivesheni. Suuzo la mwisho ni maji ya mvua tu. Masika nakinga kwenye simtangi, na yakipungua nachukua maji yanayodondoka kwenye viyoyozi vya jirani, ambayo hayana chumvi ya kisima. Badiliko hilo pekee lilinipa faida kuliko unene wote niliowahi kuongeza.

Angalia na dawa ya kung'arishia tunayotia kwenye pipa la zinki. Wateja wanapenda bolti ing'ae, nasi tunazidisha. Ikizidi, inanaswa ndani ya zinki, zinki inakuwa kavu na kukatika katika, na pasivesheni inatoka na madoa. Usafi wa mwanzo nadhani unaujua: ukitoa chuma kwenye soda kali, maji yatandae sawasawa juu yake. Yakijikusanya matone, grisi bado ipo.

Unene nao una nafasi yake, ila upime usibahatishe. Kwa ampea 2 kwa kila desimita moja ya mraba, dakika 20 zinakupa kama mikroni 11 kwa hesabu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ukitaka kuhakiki, nenda kwa sonara Mji Mkongwe ukapime uzito wa kibati cha desimita 1 ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa, kabla na baada ya kukipaka: kila mikroni 10 ni gramu 0.71. Huo ni wastani tu. Kichwa cha bolti hupata zinki nyingi, mabonde ya uzi hupata kidogo, na kutu huanzia humo. Sogeza anodi, yaani vile vipande vya zinki vilivyoungwa upande chanya wa umeme, pia usibananishe vyuma kwenye ndoano.

Na nikwambie kweli, kuna kazi ambazo zinki ya umeme haiziwezi. Kiwango cha ISO 9223, kwa daraja la C5 ambalo mazingira makali ya pwani huangukia, kinataja zinki kupotea mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Sasa bolti ya mikroni 8 inayorushiwa mawimbi kila siku utaitegemea vipi? Za sitaha zipeleke zikachovywe kwenye zinki iliyoyeyushwa, au mshauri mteja anunue chuma cha pua cha 316. Za chini ya maji usizipokee kabisa.

Bolti ngumu, za daraja la nguvu la 12.9, usizipake kienyeji. Tindikali na umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma, na bolti inakatika ghafla ikiwa imekazwa, bila dalili. Lazima zichomwe kwenye tanuri la nyuzi 190 hadi 220 kwa saa kadhaa mara tu baada ya kupakwa, na pasivesheni ifuate baada ya hapo, maana joto hilo linaiharibu. Kama huna tanuri linaloshika joto, zirudishe kwa mwenyewe.

Pasivesheni nunua ile ya kromu ya valensi 3. Ile ya zamani ya manjano, ya valensi 6, inasababisha saratani. Na nakuomba sana, maji machafu usiyamwage shimoni. Nungwi mmekaa juu ya jiwe la matumbawe, lina matundu, na unachomwaga leo kinashuka kwenye kisima cha jirani. Hayo ya zinki na kromu ya valensi 3 tia chokaa kidogo kidogo mpaka pH, kipimo cha ukali wa tindikali, ifike karibu 9, yaache usiku mzima, asubuhi utakuta tope limekaa chini. Tope hilo mimi naliweka kwenye pipa lenye kifuniko, mbali na mvua. Ya valensi 6 hayatulii kwa chokaa peke yake, kwa hiyo kama bado unayo, usiichanganye na haya.